Watu Kumi na Mmoja Barazani

"Nani yupo hapo?"

Swali hilo liliulizwa Alhamisi moja, saa kumi alasiri, kutoka chumbani, kwa sauti ya mtu aliyelazimika kukusanya pumzi kabla ya kusema. Barazani, hatua nne tu kutoka kitandani, walikuwepo watu kumi na mmoja. Wote walisikia. Hakuna aliyejibu.

Kumi na mmoja, ndugu zangu! Na msiharakishe kuwahukumu. Hawakuwa viziwi wala watu wabaya. Walikuwa na shughuli. Walikuwa wanamjadili yeye.

Sasa nirudi mwanzo.

Kulikuwa na mama mmoja mfinyanzi, katika kijiji kimoja cha mlimani. Udongo aliuchimba bondeni mwenyewe, akaupandisha kichwani mwenyewe, na vyungu vyake vilikuwa katika kila jiko la vijiji vitatu. Siku ya soko wanawake walivikuta vimepangwa chini, na hakuna aliyeanza na bei. Kwanza unakiinua chungu, unakigonga kwa kifundo cha kidole, unatega sikio. Kikikuitikia, kizima. Kikikaa kimya, kina ufa ndani, hata kama jicho haliuoni. Mama mwenyewe ndiye aliyewazoesha wateja wake hivyo. "Usinunue kwa macho," alikuwa akisema. "Kigonge kwanza."

Kwao huko kuna desturi. Mwanamke akiwa anajifungua hapigi kelele. Akipiga, mawifi watamwimbia nyimbo za kejeli mpaka azeeke. Mama huyu alijifungua mara tano, na mara zote tano alikuwa na pindo la kanga kati ya meno. Wifi yake, dada wa marehemu mumewe, alikuwepo kila mara. Mara zote tano alitoka nje akifuta mikono, akawauliza wanaume waliokuwa wakingoja, "Mmesikia kitu? Hamkusikia. Basi kaka yangu ameoa mwanamke."

Zilikuwa sifa hizo. Nani hapendi sifa?

Miaka ikaenda, mama akaugua. Saratani ya shingo ya kizazi. Alipofika hospitali walimtazama, wakatazamana, wakasema amechelewa, arudi nyumbani akatunzwe. Kutunzwa maana yake nini, hawakupata muda wa kueleza. Ila walimpa muuguzi mmoja, binti wa pikipiki, ambaye angepita kumwona kila baada ya wiki mbili.

Ziara ya kwanza muuguzi alikuja na chupa ya dawa ya maji. Mofini, dawa ya maumivu makali. Akamkabidhi wifi, pamoja na kikombe kidogo cha kupimia.

"Mama, unampa kipimo hiki kimoja kila zikipita saa nne. Usingoje alie."

"Nisingoje alie? Sasa nitajuaje kama anaumwa?"

"Saa ya ukutani itakuambia."

Wifi akacheka. "Binti, huyu humjui. Huyu amezaa watano, hata kuku hawakushtuka!"

Muuguzi naye akacheka. Lilikuwa kosa lake hilo, na mpaka leo ukimuuliza hatakuficha. Alicheka, akapanda pikipiki, akaenda.

Chupa ikapanda juu ya kabati, nyuma ya chupa ya chai. Kesho yake mzee wa kanisa akapita kusalimia, akaiona, akakunja uso.

"Hii si ile wanayopewa walioshindikana?"

"Ndiyo hiyo, mzee."

"Basi mkianza kumpa, mjue mmetia saini. Hiyo ni kumsukuma mtu mlangoni kwa Mungu kabla hajaitwa."

Wifi akaisukuma chupa ndani zaidi, mpaka ikagusa ukuta. Moyoni akajiambia: akilia, nitampa.

Hakulia.

Wifi alitega sikio akiwa jikoni: kimya. Akasema, leo ana nafuu. Akatega tena mchana: kimya. Akamshukuru Mungu. Na waumini walipokuja Alhamisi, siku yao ya jumuiya, waliimba nyimbo mbili mlangoni, wakasema, "Mama anavumilia! Huyu ni askari wa imani!" Kisha wakarudi barazani.

Kwa nini barazani? Nitasema, kwa sababu siku ile hakuna aliyesema. Ugonjwa ule una harufu. Harufu nzito, inakupokea kizingitini kabla hujamwona mgonjwa. Waliiita heshima, waliiita kutomchosha mama, lakini harufu ndiyo iliyowaweka nje. Kando ya kitanda palikuwa na kigoda cha wageni. Kwa kuwa hakikuwa na mgeni, wifi alikiwekea beseni.

Sasa fikirini siku za mama yule. Anatazama paa. Ubavu wa kulia hauguseki, wa kushoto ndio huohuo aliolalia tangu jana. Kazi yake pekee iliyobaki ni kusikiliza viatu. Alivijua vyote. Ndala za wifi huingia asubuhi na uji, hutoka. Viatu vya ngozi vya mzee wa kanisa hufika kizingitini, hukohoa, hugeuka. Viatu vya watoto hukimbia vikipita dirishani. Viko viatu vilivyokuwa vikifika kila siku wiki ya kwanza, kisha siku moja moja, kisha havikufika tena. Alijua ni vya nani. Hakumwambia mtu.

Siku ya kumi na mbili tangu chupa ifike, Jumanne, wifi alipoinama kumnywesha uji, mama alimshika kifundo cha mkono.

"Wifi, nisaidieni nife."

Uji ulimwagika wote. Na wifi, aliyekuwa amemshika mkono mara tano akizaa, hakumuuliza "kwa nini." Alikimbia kwa mzee wa kanisa. Ilipofika Alhamisi, neno la mama lilikuwa limekuwa ajenda.

Wakakaa barazani watu kumi na mmoja. Mtoto wa kiume wa yule mama, anayefanya kazi mjini, akapigiwa simu, sauti ikafunguliwa wote wasikie. Simu ikawekwa juu ya chungu kimojawapo cha mama, kilichokuwa kimegeuzwa kifudifudi.

"Neno lile si lake," mzee wa kanisa alianza. "Ni roho ya kukata tamaa imemwingia. Tufunge siku tatu."

"Mzee, shikamoo," ikasema simu.

"Marahaba, mwanangu."

"Mimi naona hivi. Hiyo chupa si ipo? Apewe yote anywe, apumzike. Huko kwa wenzetu ni sheria kabisa, mtu anaomba, daktari anamsaidia. Mimi siwezi kumwona mama katika hali ile."

"Kumwona!" Wifi alidakia. "Umemwona lini, baba? Tangu Krismasi unamwona kwa simu."

"Shangazi, niko huku natafuta maisha."

"Na yeye humo ndani anatafuta nini?"

Simu ikanyamaza. Lakini kikao hakikunyamaza. Mmoja akasema uhai ni zawadi, na zawadi hairudishwi kwa aliyeitoa. Mwingine akasema hata ng'ombe akivunjika mguu tunamwonea huruma, itakuwa binadamu? Mmoja akauliza kumwacha mtu ateseke ni imani au ni ukatili. Mwingine akauliza, tukianza na anayeomba, kesho tutamaliza na asiyeomba?

Hoja nzuri! Sitanii. Sisi wa chuo tunajua kubishana, na kila moja ya hizo ningeipeleka kwenye mdahalo wetu wa Ijumaa, ningepigiwa makofi. Nipe dakika saba, nitakutetea upande wowote upendao.

Ni hapo, katikati ya hoja hizo nzuri, ndipo sauti ilipotoka chumbani.

"Nani yupo hapo?"

Wakatazamana. Kila mmoja alingoja mwenzake ajibu. Kisha mzee wa kanisa akainama mbele, akanong'ona, "Tupunguze sauti. Asitusikie."

Na wakapunguza sauti.

Muda si mrefu pikipiki ikafika. Muuguzi akavua kofia yake ngumu, akaamkia, akaomba kwanza aione chupa. Wifi akaileta. Ilikuwa imejaa mpaka shingoni. Kifuniko hakijakatwa.

"Mama, mbona hii haijafunguliwa?"

"Hajalia."

Muuguzi akaishika ile chupa kwa mikono miwili. Kisha akauliza, "Na hiki ni kikao cha nini?"

"Cha mama," mzee wa kanisa akajibu. "Ameomba kufa. Tunajadili."

"Anaumwa wapi?"

Watu kumi na mmoja wakatazama vidole vya miguu yao.

"Nauliza, anaumwa wapi?"

"Labda kiunoni," wifi akasema.

"Sista," ikasema simu juu ya chungu, "hiyo dawa si ndiyo inayoua?"

"Ndilo tunalosema!" Mzee wa kanisa akaruka. Na hapo, kwa mara ya kwanza siku ile, yeye na yule kijana wakakubaliana.

Nisimamishe hadithi kidogo. Mmeliona? Mmoja anakataza dawa kwa sababu anaamini inaua. Mwingine anaitaka dawa kwa sababu anaamini inaua. Wapinzani wawili, uongo mmoja. Walikuwa wamebishana tangu mchana juu ya chupa ambayo hakuna kati yao aliyejua kazi yake.

"Ikipimwa haiui," muuguzi akasema. "Inaondoa maumivu. Ugonjwa ndio utakaomuua, na wala hautangoja mmalize kikao."

Akaingia. Akaliondoa beseni juu ya kigoda. Akaketi.

"Mama, ni mimi."

"Wewe nani?"

"Muuguzi."

"Umeingia mpaka ndani?"

"Nimeingia, mama. Unaumwa wapi?"

Mama alichelewa kujibu. Si kwamba hakujua. Ilikuwa muda mrefu hajaulizwa. Kisha akainua mkono taratibu. "Hapa. Na hapa. Na hapa panawaka moto, tangu wakati ule wanapanda mahindi." Na mahindi dirishani yalikuwa yameshabeba.

"Mbona hukulia?"

"Kwani nilifundishwa?"

Muuguzi akakata kifuniko, akapima, akamnywesha, akangoja. Hakutazama simu yake. Barazani kikao kilikuwa kimeishiwa hoja. Ikapita kama saa moja. Ndipo waliposikia kilio.

Kilio kikubwa, cha mwanamke mzima. Watu kumi na mmoja wakasimama. Wifi akakimbia, akaingia bila kukumbuka harufu.

"Analia! Dawa haijamsaidia! Mwongezee!"

"Wifi," mama akasema, machozi yakimwingia masikioni, "si maumivu. Maumivu yamesogea kidogo. Ndiyo nimepata nafasi ya kulia."

"Unalia nini, basi?"

"Yule wa tatu."

Wa tatu, ndugu zangu, alizaliwa bila pumzi. Na siku ile pia pindo la kanga lilikuwa kati ya meno, na wifi alitoka nje kama kawaida akawaambia wanaume hamkusikia kitu. Ilipita miaka thelathini na moja. Mama hakuwahi kumlilia.

Muuguzi akamwacha alie mpaka akatosheka. Kisha akamuuliza, maana ni lazima mtu aulizwe, "Mama, ulisema usaidiwe kufa. Bado unataka?"

"Nitakufa tu, mwanangu. Hilo halihitaji kikao. Nilitaka yaishe. Sikujua yanaweza kuisha mimi nikiwa bado nipo." Akapumua. "Kesho sijui nitasema nini. Kesho njooni mniulize tena."

Halafu akamgeukia wifi yake.

"Wifi, ukienda sokoni kununua chungu, unafanyaje?"

"Nakigonga."

"Kikikaa kimya?"

"Nakirudisha. Kina ufa."

"Mimi nimekaa kimya miezi minne."

Wifi alikaa sakafuni palepale, kichwa chake kwenye ukingo wa kitanda, na alikuwa bado yuko pale muuguzi alipoondoka.

Mama aliishi siku nyingine ishirini na sita. Sitawadanganya kwamba zote zilikuwa tamu. Kuna siku alisema tena, "Nimechoka, niacheni niende," na wifi, badala ya kukimbia kwa mzee wa kanisa, alimuuliza, "Wapi leo?" Wakati mwingine ilikuwa mto umeteleza. Wakati mwingine kipimo kilikuwa hakitoshi tena, akapigiwa simu muuguzi, kikaongezwa. Na kuna mara mbili hapakuwa na jibu lolote, wakakaa tu. Dawa ilitolewa kwa saa, na kigoda hakikuwekewa beseni tena.

Siku ya tisa, viatu visivyojulikana vilifika kizingitini vikasita.

"Hivyo ni vipya," mama akasema. "Ingia navyo, mwanangu."

Ni yule kijana wa mjini. Akaingia navyo.

Siku ya mazishi mzee wa kanisa alisimama mbele ya watu, akaanza, "Mama yetu huyu alikuwa askari wa kweli. Mpaka mwisho wake hakulia hata..."

Wifi akasimama katikati ya wanawake.

"Alilia, mzee. Mimi nilikuwepo."

Hadithi yangu imeishia hapo. Sasa ni zamu yetu.

Nimekuja hapa na hasira, na sitaiombea radhi. Watu wa kijiji kile walijua tangu utotoni kwamba chungu kilichonyamaza kina ufa. Walijua! Kisha wakamsifu mwanamke aliyenyamaza kwamba ni mzima. Na sisi? Sisi tumemsifu nani kwa kuvumilia wiki hii, kwa sababu uvumilivu wake unatupunguzia kazi? "Bibi hana shida, hasumbui kabisa." Mara ngapi tumesema hivyo? Nani alimgonga bibi akasikia anavyoitikia?

Mnataka msimamo wangu juu ya kumsaidia mgonjwa kufa. Ninao, na siuonei haya. Naamini hatukupewa ruhusa ya kummaliza mtu ili tumalize maumivu yake. Lakini nina haki gani ya kulisema hilo kwa sauti kubwa, ikiwa chupa iko juu ya kabati na kifuniko hakijakatwa? Msimamo wangu huo, ukiwa barazani, ni ukatili unaojua kuimba. Na wewe mwenzangu wa upande wa pili, unayesema mtu apewe anachoomba, nakuheshimu, ila nijibu: ulimuuliza alipokuwa ameketi nawe baada ya kupata nafuu, au ulimuuliza akiwa anaungua peke yake? Maana mtu anayeungua peke yake hachagui. Anatafuta mlango wowote.

Najua pia, kwa sababu wauguzi wameniambia, kwamba yako maumivu ambayo hata kipimo sahihi hakiyafikii yote, na kwamba wako wagonjwa ambao watakunywa dawa, watashikwa mkono, na bado watakuambia wanataka kuondoka. Kwa hao sina jibu la mfukoni, na ukimwona mhubiri mwenye nalo, mwogope. Ila hata hao, hasa hao, hawastahili kujadiliwa kwa sauti ya chini upande wa pili wa ukuta.

Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Kubishana juu ya kifo cha mtu ni njia nzuri sana ya kutokaa naye. Unajiona unamjali. Unatoka jasho kwa ajili yake. Na muda wote huo yeye anasikiliza viatu vyako.

Mungu tunayemwabudu hapa hajawahi kutuuliza nani alishinda mdahalo.

Basi ninaomba kitu kimoja. Yupo mgonjwa unayemjua. Jina lake limeshakujia nikiwa bado nasema. Ibada hii ikiisha, kabla hujala, nenda kwake. Vuka baraza. Ondoa chochote kilichowekwa juu ya kiti, uketi, umuulize anaumwa wapi, na ungoje mpaka aseme.

Na akiuliza nani yupo hapo, tafadhali, mjibu.